Kijaluba cha Mfalme na Viazi vya Kaburini



Juma hili tutafakari pamoja juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani: kijaluba cha ugoro. Katika Ulaya ya karne ya 18, kunusa ugoro kulikuwa desturi ya wakubwa. Kijaluba cha dhahabu kilichopambwa kwa enameli, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushwa kwa moto juu ya madini, kilikuwa alama ya cheo, na wafalme walikitoa kama tunu.

Miongoni mwa waliovipenda mno alikuwa Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia katika Ujerumani ya kale. Alikuwa na mamia ya vijaluba, vingi vikiwa kazi ya masonara wa Berlin. Hata hivyo, koti lake lilikuwa kuukuu, lenye madoa ya ugoro.

Tarehe 12 Agosti 1759, huko Kunersdorf, kijiji kilichomo leo nchini Poland, jeshi lake lilishindwa vibaya na Warusi na Waaustria. Husimuliwa kwamba risasi iliyomlenga mfalme ilikwama katika kijaluba kilichokuwa mfukoni mwake. Kijaluba hicho kimehifadhiwa katika ngome ya Hohenzollern.

Basi, kijaluba kimoja kikamwokoa mtu mmoja. Lakini siku ile askari wake wapatao 19,000 waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Hao hawakuwa na dhahabu ya kuwakinga. Naye aliyeokoka hakufurahi. Aliandika kwamba hangependa kuishi baada ya maangamizi ya nchi yake.

Aliishi miaka 27 zaidi. Si yote aliyoyatenda yaliyokuwa mema: mwaka 1772 alishiriki kuigawanya Poland. Lakini mwaka 1773 liliwekwa wakfu kanisa la Mtakatifu Hedwig mjini Berlin, ambalo yeye, asiye Mkatoliki, aliwaruhusu Wakatoliki kulijenga. Tena, tangu mwaka 1756 alikuwa ameagiza wakulima wapande viazi ili kuikabili njaa.

Alifariki mwaka 1786. Alikuwa ameomba azikwe pasipo fahari katika bustani ya Sanssouci, Potsdam, karibu na mbwa wake. Ombi hilo lilitimizwa mwaka 1991. Wageni wafikao hapo huweka viazi juu ya bamba la jiwe la kaburi lake. Dhahabu yake hutazamwa nyuma ya vioo. Shukrani huletwa kwa kiazi.

Wapendwa, nasi tumeokoka mara nyingi: katika ajali, katika ugonjwa, katika kujifungua, huku wenzetu waliokuwa kando yetu wakiondoka. Hatukuwa bora kuliko wao. Tusiulize basi ni nini kilichotukinga, bali siku tulizoongezewa tunamlisha nani.