Mapacha wa Kinini



Mimi kapita wenu wa bweni niko na deni. Muhula uliopita pacha mmoja wa mwaka wa kwanza alikimbia kazi ya kuchota maji. Niliyempigisha magoti ni mwenziwe. Alilia, "Kapita, si miye!" Nikamjibu, nimekuona kwa macho yangu.

Kisha mwalimu wa kemia akatufundisha juu ya kinkina, mti unaolimwa huku kwetu Kivu, ambao maganda yake yanapelekwa kiwandani Bukavu. Ndani ya ganda mna kinini na kinidini. Zote mbili ni C20H24N2O2, atomu zilezile, uzito uleule. Kumbe mahali pawili tu zimepangwa kinyume, kama mkono wa kuume na wa kushoto. Kinini inatibu malaria. Kinidini imetumiwa kutuliza moyo unaopiga ovyo.

Watu wanazipambanua namna gani? Kwa chombo kiitwacho polarimetri. Nuru inapita katika chujio linaloifanya itikisike kwa mstari mmoja tu, halafu inapita ndani ya dawa iliyoyeyushwa. Kinini inaupindua mstari ule kushoto, kinidini kuume. Biot, Mfaransa, alikwisha kuona nguvu hiyo katika mafuta ya terebentini mwaka 1815.

Sisi hatuna chombo hicho. Lakini kwa wale mapacha swali moja lingetosha, nami sikuuliza. Njo maana nilimwomba mdogo wangu msamaha mbele ya bweni lote. Kapita atakayenifuata, uliza kwanza.