Je, Kava ni Kileo?

Kitenzi lewa ni miongoni mwa vitenzi ambavyo mwanafunzi wa Kiswahili hudhani amekwisha kuvimaliza tangu shule ya msingi. Mtu hunywa pombe, akalewa. Kutokana na kitenzi hiki tunapata mlevi, ulevi, kileo na levya; na kwa njia ya sitiari twasema fulani amelewa mamlaka au amelewa mapenzi. Tukikirudufu tunapata lewalewa, yaani kuyumba mithili ya chombo kilichopigwa na mawimbi. Nami nilidhani nimekimaliza, hadi nilipojikuta nimeketi juu ya mkeka katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Viti Levu, nchini Fiji, nikinyoshewa kifuu cha nazi kilichojaa maji ya rangi ya matope.

Fiji, kwa Wakenya wengi, ni jina la raga. Tunaikumbuka fainali ya Singapore ya mwaka 2016, vijana wetu walipowalaza Wafiji 30 kwa 7, na aghalabu tunasahau mara chungu nzima ambazo wao wametulaza sisi. Mimi nilikwenda huko kwa mafunzo ya majuma matatu kuhusu uhifadhi wa lugha ndogondogo. Ndege hutua mjini Nadi, jina ambalo wenyeji hulitamka Nandi, na nikacheka peke yangu nikidhani nimerudishwa Bonde la Ufa. Katika tahajia ya Kifiji herufi d ni nd, b ni mb, q ni ng ya ngoma, na c ni dh ya dhahabu. Mswahili anayejua kanuni za namna hiyo huweza kusoma Kifiji kwa sauti pasipo kuelewa neno hata moja, na wenyeji wakamdhania mgeni wa siku nyingi.

Yanipasa kueleza kwa nini kifuu kile kilinitia mashaka. Marehemu baba aliuawa na chang'aa. Sitalisimulia hilo hapa; yatosha kusema kwamba baada ya matanga mama alituita sisi wanawe wanne, akatutaka kila mmoja aahidi mbele yake kutoonja kileo chochote maisha yake yote. Niliahidi nikiwa na miaka kumi na miwili. Ahadi hiyo nimeitunza katika harusi, katika sherehe za mahafali na mbele ya marafiki wenye kejeli. Sasa, je, kava ni kileo? Swali hilo halikuwa la kisemantiki tu. Kule Fiji mgeni akiingia kijijini hutanguliza zawadi ya mizizi ya kava kwa mkuu wa kijiji, ibada wanayoiita sevusevu, na baadaye hunywa pamoja na wenyeji. Kukataa kifuu mbele ya wazee si sawa na kukataa chupa ya bia baani.

Niliamua kuuliza kabla ya kunywa. Kava, ambayo Wafiji huiita yaqona, ni kinywaji kitokanacho na mizizi ya mmea uitwao na wanabotania Piper methysticum. Mmea huo una ndugu zake huku kwetu: pilipili manga, yaani Piper nigrum, na mtambuu, Piper betle, ambao majani yake Waswahili wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekuwa wakiyatafuna pamoja na popoo na chokaa tangu jadi. (Neno uraibu, ambalo siku hizi twalinasibisha na dawa za kulevya, wazee wa pwani walilitumia kwa mchanganyiko huo huo wa tambuu.) Jina methysticum lina asili ya Kiyunani nalo maana yake ni -enye kulevya. Aliyeupa mmea jina hilo ni Georg Forster, Mjerumani aliyesafiri na James Cook katika safari ya pili, kati ya mwaka 1772 na 1775. Alikiona kinywaji kikinywewa katika kikao, akawaona watu wakizubaa, akachukua neno lililokuwa tayari kinywani mwake. Naona kosa hilo la uainishaji ndilo tunalolirudia sisi sote tunaoonja kava kwa mara ya kwanza.

Basi mnyweshaji alipokuja mbele yangu nilipiga kofi moja kama nilivyofundishwa, nikapokea kifuu, kiitwacho bilo, nikakinywa chote kwa mkupuo, kisha nikapiga makofi matatu, na waliohudhuria wakaitikia kwa neno maca, yaani kimekauka, kimekwisha. Ladha yake ni ya udongo na mizizi, yenye ukali wa pilipili kwa mbali. Baada ya dakika chache ulimi na midomo vikafa ganzi. Hilo ni jambo la kemia: mzizi una viambata viitwavyo kavalaktoni, na baadhi yavyo hutia ganzi pale vinapogusa. Nikasubiri. Nilikuwa nikiichunguza nafsi yangu kama askari anayemsubiri mwizi mlangoni, nikimtarajia yule niliyemwona kwa baba: sauti kupanda, macho kuwa mekundu, ulimi kuteleza. Hakuja mtu.

Pembeni yangu alikuwa mwenzetu kutoka Kampala, mnywaji wa bia asiyejificha. Alipomaliza kifuu cha tatu alininong'onezea kwamba hayo ni maji ya matope tu, na kwamba jioni ingefaa tuyatilie kitu cha kuyaamsha. Mimi na yeye, ingawa nia zetu zilipingana, tulikuwa tukikitafuta kitu kile kile. Mimi nilikiogopa, yeye alikitamani, na sote wawili tulikuwa tukitazama mlango usio wake.

Mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya upili alitusikia, akatueleza kwa subira. Alisema mgeni huuliza, "Mbona sioni kitu?", ilhali kava haijionyeshi, mtu huitambua kwa yale yaliyoondoka. Alinitaka nijiulize kama mabega yangu yangali yamekazana kama yalivyokuwa nilipoingia. Yalikuwa yamelegea. Akaniuliza kama nilikuwa nikifikiria kazi ya kesho. Sikuwa nikiifikiria. Akili ilikuwa timamu kabisa. Ningeweza kukariri ngeli zote za nomino pasipo kukosea. Sauti za watu zilikuwa zimeshuka, zangu zikiwemo, na vitambo virefu vya kimya vilipita bila mtu kuona haja ya kuvijaza. Vijana wa kwetu waliozoea miraa wangeshangaa: miraa humfungua mtu domo na kumnyima usingizi, ilhali kava hushusha sauti na kumwita usingizi taratibu.

Zipo sababu nyingine za kava kuonekana dhaifu, na yafaa kuzijua. Ya kwanza ni tumbo: aliyekula akashiba hatasikia mengi. Ya pili ni mzizi wenyewe, umri wake na aina yake. Mizizi ya pembeni, ambayo Wafiji huiita waka, ina nguvu kuliko sehemu nene ya chini ya shina. Ya tatu ni namna ya kuandaa. Fiji aghalabu hutumia unga wa mizizi iliyokaushwa, unaokamuliwa ndani ya maji kwa kitambaa katika bakuli la mti liitwalo tanoa, na kila mwandazi ana kipimo chake cha maji. Vanuatu hupendelea mizizi mibichi, na kava yao husifika kwa ukali. Vifuu viwili vya huko vyaweza kumtuliza mtu ambaye vifuu sita vya Suva havikumgusa. Fauka ya hayo, wanywaji wazoefu husimulia kwamba wengi huambulia ganzi ya midomo peke yake katika vikao vya mwanzo, na kwamba utulivu wenyewe huja siku za baadaye. Ni kinyume cha pombe, ambayo mzoefu ndiye huhitaji zaidi.

Hapa pana hatari, nayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Anayedhani kwamba hakuna kilichotokea huongeza. Huongeza kifuu juu ya kifuu kwa haraka, na mwishowe hupata kichefuchefu, kizunguzungu na miguu mizito kama ya mtu aliyetoka kwenye matope. Vibaya zaidi, huchanganya na pombe au dawa za usingizi, vitu ambavyo vikikutana na kava hulemeza mwili kwa pamoja na kulitwisha ini mzigo. Suala la ini si uzushi. Mwaka 2002 Ujerumani iliziondoa sokoni dawa zenye kava kwa sababu ya taarifa za madhara ya ini, na Marekani ikawatahadharisha walaji mwaka huo huo. Mahakama ya Ujerumani iliutengua uamuzi huo mwaka 2014, ingawa mvutano haukuishia hapo. Mwaka 2020 tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, ilipitisha kiwango cha kikanda cha kava ya kuchanganywa na maji. Tofauti hiyo ina maana: mzizi uliokamuliwa kwa maji si sawa na kidonge chenye dondoo lililokolezwa kiwandani. Hata aina za mmea hazilingani. Sheria ya Kava ya Vanuatu ya mwaka 2002 iliziainisha aina bora na kuzitenga na ile iitwayo tudei, ambayo jina lake ladokeza kwamba uchovu wake humganda mnywaji siku mbili. Mwenye ugonjwa wa ini, mja mzito, na anayetarajia kushika usukani wa gari hawana sababu ya kuigusa. Niliwaona pia wanywaji wa kila siku ambao ngozi zao zimekauka na kupasuka magamba. Wafiji wana neno la hali hiyo, kanikani, na mwenye nayo hushauriwa kupumzika kunywa hadi ngozi irudi.

Narudi kwa kitenzi changu. Ile sehemu nene ya chini ya shina, Wafiji huiita lewena. Nilipolisikia neno hilo nilishtuka, nikadhani nimevumbua udugu wa lugha zilizotenganishwa na bahari mbili. La hasha. Kifiji ni lugha ya Kiaustronesia, na lewena humaanisha nyama yake au kiini chake; mfanano na lewa ni sadfa tupu. Hata hivyo sadfa hiyo ilinikalia akilini usiku ule, kwa maana mzee mmoja aliyekuwa amekunywa tangu alasiri alipoinuka kwenda kwake, aliyumba. Akili yake ilikuwa safi, alituaga mmoja mmoja kwa jina, lakini miguu ililewalewa. Kwa hiyo siwezi kuandika kwa urahisi kwamba kava hailevyi. Kiswahili kimeyafunga katika kitenzi kimoja mambo mawili ambayo pombe huyafanya kwa pamoja, kuvuruga akili na kuvuruga miguu, na kava huyatenganisha. Kama mizani ni akili, kava ya kiasi si kileo. Kama mizani ni miguu, inategemea idadi ya vifuu. Kidahizo kava kikiingizwa katika kamusi zetu, ningependa mwanaleksikografia asiandike "aina ya kileo cha visiwani" akaridhika. Neno ganzi lazima liwemo, na neno utulivu. Wasomaji wenye rai nyingine nakaribisha hoja zao.

Mama nilimpigia simu siku ya pili yake. Nilimweleza kila kitu, mkeka, makofi, kifuu, maana ahadi ilikuwa yake na hukumu pia ni yake. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mwanangu, ulimtukana mtu?" Nikasema la. "Ulisahau ulichokisema?" La, mama. "Ulitaka kingine ulipoamka?" Nikasema kwamba nilipoamka nilitaka chai. Akataka nimweleze tena habari ya midomo, nami nikamweleza jinsi ulimi ulivyokufa ganzi kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Hapo akachangamka, akaniuliza iwapo mzizi huo unauzwa Nairobi, kwani gego lake la kushoto lilikuwa limemsumbua mwezi mzima.