Sifuri Kumi na Nne za Ziwa Tanganyika

Vitabu vinatuambia Ziwa Tanganyika lina maji takribani kilomita za ujazo 18,900. Kilomita moja ya ujazo ni lita trilioni moja. Kwa hiyo, kwa lita, ziwa letu ni hili hapa:

18,900,000,000,000,000

Hebu jaribu kuitamka. Mimi nasema "trilioni elfu kumi na nane na mia tisa", halafu navuta pumzi. Wenzangu wakisubiri boti pale Kibirizi husoma riwaya au huchezea simu. Mimi huchezea namba, na hii nimekaa nayo muda mrefu kuliko riwaya nyingi.

Kiukweli ni namba yenye ukarimu. Igawe kwa 2, kwa 3, kwa 4, endelea mpaka 10: hakuna baki hata mara moja. Ivunje upate namba tasa zake, utakuta nne tu: 2 mara kumi na nne, 5 mara kumi na nne, 3 mara tatu, na 7 mara moja. Vigawo vyake vyote ni 1,800. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zingegawana ziwa hili sawa kwa sawa, lisibaki tone la kugombea.

Sasa chota lita moja. Moja tu, ya kunawa uso. Ukarimu wote umekwisha: 2 haiigawi tena, wala 3, wala 5, wala 7. Ndiyo kanuni: namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1. Basi ukarimu ule haukuwa wa ziwa, ulikuwa wa kalamu iliyokadiria. Zile sifuri hazisemi "hapa hakuna kitu". Zinasema "hapa hatukupima".

Na watu wanaishi humo humo ndani ya sifuri. Uso wa ziwa ni takribani kilomita za mraba 32,900. Maji yakipanda mita moja, zinaongezeka lita trilioni 32.9. Jumlisha, kisha kadiria kwa mamia kama mwanzo: unarudi kwenye trilioni 18,900 zile zile. Namba haikutikisika, na vigawo vyake 1,800 viko palepale. Lakini mita moja ufukweni ni ukuta wa nyumba. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda, maji yaliingia kwenye makazi ya watu wa mwambao.

Nilimweleza hayo mama mmoja anayeanika dagaa Ujiji. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku mikono ikiendelea na kazi.

"Mie nahesabu mawe, mwanangu," akasema, akinyoosha kidole majini. "Yalikuwa saba. Sasa naona matatu."

Tatu ni namba tasa. Haina vigawo vya kujivunia, na huwezi kuwagawia nchi nne. Ila hiyo imepimwa.