Maiki mbili, umeme wa aina mbili, boksi moja

Tangu tuweke zile nyimbo za wamama wa hapa Nakivale, swali linalorudi ni moja: mlirekodi na nini? Wengine wanadhani tumepewa studio. Hapana. Ampli ya maiki tuliiunga wenyewe, halafu tukaiongezea umeme wa aina mbili. Leo tunaeleza.

Tuanze na shida yenyewe. Kati ya wale wamama kuna mmoja ambaye ndiye anaanzisha kila wimbo. Nyimbo za harusi, za kulima, za kubembeleza mtoto, zote alitoka nazo Kivu ya Kusini kichwani. Wenzake wanaitikia tu. Mama huyu akapata tarehe ya kusafiri, anahamishiwa nchi ya mbali na familia yake. Zilibaki siku 19. Kurekodi kwa simu tulijaribu, lakini sauti yake inakuwa ya mbali, unasikia bati na upepo kuliko yeye.

Maiki tulikuwa nazo za aina mbili. Ya kwanza ni maiki kubwa ya studio, ya kondensa, aliyotuachia mfanyakazi mmoja alipomaliza mkataba. Ilikuwa imelala kwenye begi miezi mingi, maana ukiichomeka kwenye ampli ya kawaida inakaa kimya kabisa. Za pili ni zile ndogo kama kidonge, tulizozitoa kwenye redio kaseti na hedifoni za simu zilizokufa. Tulitaka kubwa iwe ya mama anayeanzisha, ndogo ziwe za wanaoitikia.

Kwa nini ile kubwa inakaa kimya? Ndani yake kuna utando mwembamba sana unaotazamana na bamba la chuma. Sauti ikipiga utando, umbali kati ya hivyo viwili unabadilika, na umeme uliojaa hapo katikati unacheza. Lakini lazima kwanza kuwe na umeme wa kucheza. Maiki za namna hii huamshwa na volti 48, zinazopita kwenye waya zilezile zinazoleta sauti. Vidonge vidogo ni tofauti. Vina chaji yao tayari, imefungwa humo tangu kiwandani, kazi ya James West na Gerhard Sessler, waliovivumbua Marekani mwaka 1962. Vyenyewe vinaomba volti chache tu za kuendesha transista iliyo ndani. Ukivipa 48, vinakufa.

Hiyo 48 tulipenda kujua imetoka wapi. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilikuwa inatengenezea maiki redio ya taifa ya Norway. Kwenye studio zile kulikuwa na umeme wa volti 48 tayari, wa taa za akiba. Wakautumia huohuo, na leo dunia nzima inafuata. Kumbe hata kipimo cha dunia kilianza na mtu kutumia kilichopo ndani ya nyumba! Sisi tukicheka, tulipata nguvu.

Basi, kazi. Chanzo chetu ni betri ya sola ya volti 12. Njia ya kwanza inapita kwenye kibodi kidogo cha kupandisha volti mpaka 48, halafu rezista mbili za kilo-omu 6.8 zinazolingana sana, moja kwenda pini namba 2, nyingine pini namba 3. Maiki ya aina hii hairuhusiwi kuvuta zaidi ya miliampia 10, yaani karibu nusu wati. Betri haisikii hata uchovu. Njia ya pili inashusha 12 kuwa 5 kwa regyuleta ya 7805, kisha kila kidonge kinapata rezista yake ya kilo-omu 2.2.

Kibodi cha kupandisha volti kilileta mluzi, kama mbu sikioni. Tuliutuliza kwa kuweka rezista ndogo na kapasita kubwa njiani, na kibodi chenyewe tukakihamishia kwenye kopo la chuma pembeni. Angalieni: kapasita za upande wa 48 ziwe za volti 63. Ya volti 25 inaweza kupasuka usoni kwako. Na ukizima, subiri zimwage umeme wake kabla ya kuingiza vidole.

Jambo tulilobishana sana ni swichi. Wengine walitaka swichi moja ya kuchagua 48 au 5. Tukakataa. Usiku, taa ndogo, watoto wamejaa mlangoni, mtu ataigusa tu. Tukaweka soketi tofauti: XLR ya pini tatu kwa maiki kubwa, jeki ndogo kwa vidonge. Hata ukitaka kukosea, plagi haiingii. Stax wa Japani walifanya hivyohivyo kwenye hedifoni zao za umemetuli: za zamani zinatumia volti 230 na plagi ya pini 6, za baadaye volti 580 na pini 5. Plagi ya 6 haiingii kwenye soketi ya 5.

Kabla ya kuchomeka maiki tulipima kwa mita. Pini 2 kwenda 1, volti 48. Pini 3 kwenda 1, volti 48. Pini 2 kwenda 3, sifuri. Hiyo sifuri ndiyo inayolinda maiki.

Kuna mfanyakazi alituuliza kwa nia njema: kwa nini msingoje tuweke kifaa kwenye bajeti ya mwaka ujao? Tukamjibu, ndege haingoji bajeti.

Tulirekodi usiku tatu, mashine ya kusaga ikishanyamaza. Nyimbo 14. Mama alipovaa hedifoni alinyamaza kidogo, akasema, “Wanangu, mpaka pumzi yangu iko humu.” Kisha akatuomba tufute ubeti mmoja, kwa sababu ule huimbwa kwa sikio la bibi harusi peke yake. Tukaufuta mbele yake. Mnachosikia ni kile alichoruhusu.

Amesafiri. Boksi limebaki, na sasa wazee wa Burundi wameomba zamu yao. Nyie wa mashirika, mkituachia kifaa, tuachieni pia karatasi yake ya maelezo. Na kama kikundi chenu kina maiki iliyolala kwenye begi eti imekufa, msiitupe. Huenda haijapewa umeme wake tu. Njooni na mita, tutapima pamoja.