Kwangu Inafanya Kazi

Wasee, maneno hatari zaidi ambayo fundi wa kompyuta anaweza kusema ni haya: "Kwangu inafanya kazi." Mimi niliyasema Kitale, msimu wa kupanda mahindi, na yakanifuata hadi Bungoma.

Kuna duka la pembejeo Kitale lenye tawi Bungoma. Intaneti yao hupitia proksi, yaani kompyuta moja inayokaa katikati na kupitisha kila kitu kinachotoka nje. Proksi ilipobadilishwa, niliitwa niweke anwani mpya kwenye seva. Nikaiandika kwenye .bashrc yangu, nikajaribu tovuti moja, ikafunguka. Nikalipwa, nikapanda matatu.

Shida ni kwamba ile .bashrc ilikuwa yangu mimi. Kila usiku saa nane, cron ilituma nakala ya daftari la madeni Bungoma, na cron haisomi .bashrc ya mtu. Anwani ya zamani ilikuwa imeandikwa kwenye crontab. Halafu kulikuwa na programu ya kutumia wakulima SMS za madeni, iliyowashwa miezi mingi nyuma. Programu hupewa mazingira yake inapoanza. Ukibadilisha faili baadaye, yenyewe haina habari.

Ni kama kubadilisha namba ya simu ukatangaza tu kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Kukhu kijijini ana kabambe. Atapiga ile ya zamani mpaka achoke.

Na hakuna aliyelalamika. Nani atapiga simu kuuliza mbona hajakumbushwa deni?

Siku ya 19, diski ya Kitale ikafa. Nikakimbia Bungoma kuchukua nakala. Ya mwisho ilikuwa ya usiku wa kabla nibadilishe proksi. Mbolea ya siku 19 ilikuwa imetoka kwa mkopo, na rekodi hakuna. Mama mwenye duka hakunipigia kelele. Aliweka risiti za karatasi mezani akaniambia, "Kijana wangu, keti tuhesabu." Tulihesabu wikendi tatu. Wakulima wengine walikuja wenyewe kusema wanadaiwa. Wengine walikuwa "wamesahau".

Sasa nikibadilisha proksi, kwanza natafuta anwani ya zamani kila mahali: grep kwenye /etc, crontab za watumiaji wote, skripti. Kwa cron, naandika anwani mpya juu kabisa ya crontab. Kwa huduma za systemd, naiweka kwenye faili ya huduma yenyewe, napiga systemctl daemon-reload, halafu restart, kwa sababu reload pekee haigusi programu ambayo tayari inakimbia. Naangalia /proc/PID/environ nione imepokea nini kweli. Na siondoki mjini kabla ya kesho yake, nione kazi ya saa nane usiku imepita.

Kubadilisha kitu ni dakika mbili. Kazi yenyewe ni kuwafikia wote waliokuwa wanategemea kile cha zamani, hasa wale wasiopiga kelele.

Wewe je, kukhu wako ana namba gani yako?