Yeo na Leo: Siku Tatu za Lamu

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa barabara hupita Malindi, Garsen na Witu, kisha hufika Mokowe. Hapo gari huachwa, na sehemu iliyosalia ni ya mashua. Wengi waandikapo habari za Lamu husifu milango ya nakshi, vichochoro vya Mkomani na punda. Mimi kila niendapo, jambo la kwanza linipokealo ni lugha. Mchukuzi wa mizigo gatini atasema umefika *yeo*, si leo. Atauliza kama uliondoka Mombasa *yana*, naye atalalamikia *yua* kali. Macho kwao ni *mato*, njia ni *ndia*, nchi ni *nti*. (Na punda wa Lamu nao, nadhani, wafahamu Kiamu, sijapata kumwona aliyeamrishwa kwa Kiingereza akasogea.)

Nimezaliwa Mvita, lakini marehemu mama yangu alikuwa Mwamu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nikiulizwa lugha niipendayo zaidi, siwezi kuficha mapenzi yangu kwa Kiarabu. Ndiyo lugha ya Kitabu na ya sala zetu, na ladha ya nahau yake haijanitoka tangu utotoni. Kiingereza nakihitaji kwa barua za ofisini na dawa za hospitali, nacho nakishukuru. Hata hivyo, atakayeketi katika darsa ya Msikiti wa Riyadha ataona jambo ambalo sisi wa madrasa twalizoea hata hatulioni. Mwalimu husoma ibara ya Kiarabu, kisha huifasiri kwa lugha ya waliohudhuria. Kiarabu changu chote kimenifikia kwa njia hiyo, neno kwa neno, kupitia Kiswahili. Katika Suratu Ibrahim Mola ametufahamisha kwamba kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili apate kuwabainishia. Basi mwenye kudhani kwamba kukipenda Kiarabu ni kukidharau Kiswahili, sijui hoja hiyo ameipata wapi.

Safari hii nilifuatana na binti ya ndugu yangu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, mzaliwa wa Nairobi. Mashallah, husoma Qur'ani kwa tajwidi nzuri, na herufi ya dhadi huitoa mahali pake. Tulifikia kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, ambaye amepita miaka themanini. Alipomwona mtoto mlangoni alimnyoshea mikono, akamwambia, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Mtoto akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Ami, bibi anataka ndoo ya maji?"

Tulicheka sote, na bibi akacheka kuliko sisi. Lakini usiku ule kicheko kilikwisha. Baada ya sala ya Isha mama mkubwa alimketisha mtoto kando yake, akaanza kumsomea kwa moyo beti za Utendi wa Mwana Kupona, kama alivyosomewa yeye na mamake. Akina mama wa mwambao wataujua. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake wasia wa dini, adabu na maisha ya ndoa. Ni maneno ya mama kwa mwanawe wa kike, na yametungwa kwa lugha ya kwao. Mtoto alisikiliza kwa heshima, mikono mapajani, wala hakuelewa ila neno moja moja. Ikanibidi nifasiri. Nilitoa maana, lakini uchungu wa mama anayejua kwamba hatakuwapo sikuweza kuuhamisha. Mama mkubwa aliliona hilo, akanyamaza kabla ya kumaliza.

Haya hayakuanza kwa mtoto huyu. Ilipoundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Faida yake twaiona: mtu wa Lamu na mtu wa Kigoma husoma kitabu kimoja. Lakini Kiamu na Kimvita, vilivyokwisha kuandikiwa tenzi kwa herufi za Kiarabu kabla ya hapo, vilianza kuonekana darasani kama makosa ya kusahihishwa. Mtoto aliyeandika *ndia* alipigiwa mstari mwekundu. Mstari ule umeingia majumbani, na siku hizi twaupiga wenyewe.

Ndugu yangu, nilipomsimulia kwa simu, aliniambia kwamba Kiingereza ndicho kitakachompa mwanawe kazi. Sikumpinga, maana ni kweli. Nilimkumbusha tu kwamba Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye elimu yake ya Kiarabu haina shaka, alipoanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitumia Kiswahili pamoja na Kiarabu, kwa kuwa alitaka kufahamiwa na watu wa nyumbani kwake. Kisha nikamuuliza: mwanao atakapopata kazi, bibi yake atamwombea dua kwa lugha gani ili aitikie amina kwa kuelewa? Alinyamaza kidogo, akaniambia nimpe mtoto simu.

Siku mbili zilizobaki mtoto alizunguka Langoni na Mkomani na daftari, akiandika kila neno alilolisikia, na wauza mahamri wakashindana kumfundisha. Sasa kila Ijumaa baada ya Alasiri humpigia bibi yake simu. Wiki iliyopita alitajiwa neno moja la jikoni asilolijua, akaja kuniuliza mimi. Nami sikulijua. Tukampigia mama mkubwa pamoja, akatucheka sote wawili, kisha akatueleza polepole, hatua kwa hatua, tangu kukuna nazi.