Mataruma ya Mtumbwi, Mataruma ya Reli

Lipo neno moja lililonifaa kuliko nasaha zote nilizowahi kuwapa vijana kuhusu ajira, nalo ni mataruma. Kwa mafundi wa vyombo, mataruma ni zile mbavu za ndani zinazoshika mbao za ubavuni. Kwa watu wa reli, ni magogo yanayolazwa chini ya vyuma vya njia ya garimoshi. Neno lilihama majini likaenda nchi kavu, wala hakuna aliyelilaumu kwa kutangatanga. Leo, katika reli mpya ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka, mataruma ni ya zege, na jina limebaki lile lile.

Nilimtolea mfano huo mzee mmoja, mjenzi wa mitumbwi wa Igombe. Mwanawe nilimfundisha Kiswahili (hesabu zilikuwa za wengine, mimi ni zao la Chuo cha Ualimu Butimba, mtu wa lugha). Kijana akasomea uhandisi wa mitambo. Akaanza kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara, akitunza mitambo ya baridi. Kisha akaenda mgodini mkoani Geita, kwenye pampu za kuondoa maji. Aliposema sasa anahamia kwenye meli, mzee alinijia.

“Mwalimu, mtaka yote hukosa yote. Niliuza mtumbwi na injini yake ili asome. Aliyesoma udaktari hujulikana kuwa ni daktari. Huyu wangu ni nani?”

Washairi wenzangu, swali hilo ni la lugha kabla ya kuwa la ajira. Fundi tunamwita kwa kitu anachokishika: fundi saa, fundi cherehani, fundi bomba. Mhandisi hakuitwa kwa kitu. Neno lake limetoka katika Kiarabu, ambako handasa ni elimu ya jiometri, na nyuma yake lipo neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Chumba cha baridi hakimtii samaki baridi. Humtoa joto na kulitupa nje. Injini ya meli nayo sharti iondolewe joto, na mara nyingi ni maji ya ziwa yanayolichukua. Pampu ya mgodini hupandisha maji, nayo hudai hesabu ileile: kiasi gani, kwa nguvu gani, na kingapi kitapotea njiani. Anayehesabu mizani nane za utenzi hapotei akikutana na mstari wa shairi wenye mizani kumi na sita, ila hana budi kujifunza upya mahali pa kituo.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Mimi nikilikata taruma vibaya, mtumbwi huvuja mbele ya macho yangu. Yeye akikosea kipimo, si atakuwa amekwisha kuhama?”

Sikuwa na jibu la haraka. Mwanza hatuzungumzii vyombo vya majini bila kuikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika. Kwa familia za huku, uzito na mahali ulipokaa uzito si mambo ya vitabuni. Hivyo nami naona kuhama ni halali kwa sharti moja: anayehama akubali kuwa mwanafunzi tena. Kijana alikubali. Mgodini alikuwa na watu chini yake. Kwenye meli alianza kwa kumfuata mzoefu mwenye cheti kidogo kuliko chake, aliyeijua injini kwa mlio wake. Mshahara nao ulipungua, jambo ambalo mkewe hakulifurahia hata kidogo.

Mzee hakuniambia kwamba ameridhika. Ila mwezi uliofuata alimwita mwanawe Igombe, amwambie sanduku la barafu likae wapi katika mtumbwi mpya ili tezi isizame mno. Kijana akauliza uzito wa injini na uzito wa sanduku likijaa. Mzee hakuwa nao. Miaka yote alikuwa akikadiria kwa jicho. Wakaifungua injini, wakaibeba wawili hao hadi kwenye mizani ya samaki.